Droni yangu haijawahi kuruka

Kila nikiposti ile picha nimeshika droni mkononi, nimesimama juu ya paa na mabati ya Mukuru yametandaza nyuma yangu hadi macho yanachoka, inboksi inajaa. "Msee, unachaji ngapi harusi?" "Kuja unipigie shamba langu Kangundo picha za juu." Leo wacha niwaambie ukweli, mkicheka mcheke. Hiyo droni haijawahi kuruka. Hata siku moja. Propela zake bado ziko ndani ya ile karatasi ya nailoni ziliyokuja nayo.

Lakini jicho lake linafanya kazi. Liko juu ya ploti moja hapa kwa Njenga, ndani ya mkebe wa siagi, linaangalia Mto Ngong usiku na mchana. Nataka niwaelezee vile lilifika huko, kwa sababu naona vijana wengi wanaingia hii maneno ya video ya droni ya laivu wakidhani kazi ngumu ni kurusha. Kurusha nafikiri ndiyo rahisi. Kazi iko kwa waya, kwa stima, na kwa majirani.

Nianze na maji. Mwisho wa Aprili 2024 mnakumbuka mvua ilivyotushika. Mathare, Mukuru, kila mahali karibu na mto. Sisi tunakaa juu kidogo, maji yalisimama mlangoni yakafikiria, yakarudi. Wa chini yetu hawakubahatika. Jirani alijua mto umetoka nje wakati mkono wake ulianguka kutoka kitandani ukagusa maji. Hivyo tu. Hakuna aliyempigia simu, hakuna firimbi. Na cha kuniuma ni kwamba juu kidogo, upande wa Reuben, watu walikuwa wameamka mapema na wengine wanarekodi na simu. Hizo klipu nilizipata asubuhi kwa magrupu ya WhatsApp, nyingine mchana, wakati sisi tayari tunaanika magodoro. Video zilikuwepo. Zilichelewa tu.

Halafu Mei serikali ikatoa amri, walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni watoke, na tingatinga zikafuata. Hapo ni hadithi nyingine, sitaki kuifungua leo. Nilichobaki nacho kichwani ni hilo swali la klipu. Kama mtu angekuwa na jicho juu, linaonyesha mto laivu, si baadaye, yule jirani angeamshwa na simu badala ya maji.

Jicho juu ni droni, si ndiyo? Nikaanza kuweka pesa. Nilikuwa nahariri video za watu wa mugithi na za makanisa, nikapata fremu ya mkono wa pili kwa jamaa aliyekuwa anasomea mambo ya umeme na akachoka, mota nne, betri moja imevimba kidogo (msinunue betri iliyovimba, nilikuwa mjinga). Nikaiunga kwa wiki tatu. Siku ya kuijaribu nikasema ngoja nisome sheria kwanza, maana nilikuwa nimesikia watu wakinyang'anywa.

Sheria za droni za Kenya ni za 2020, ziko chini ya mamlaka ya usafiri wa ndege, KCAA. Droni lazima isajiliwe, lazima uwe na kibali, usipande juu ya futi 400, usikaribie mtu au jengo lisilo lako chini ya mita 50, na usiruke ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja mkubwa wa ndege bila ruhusa. Sasa chukua ramani. Upande huu kuna JKIA, upande ule kuna Wilson, katikati ndiyo sisi. JKIA hata mguu unaweza kukufikisha. Na hiyo ya mita 50 nilicheka peke yangu. Kwa Njenga utapata wapi mita 50 bila nyumba ya mtu? Sisi kutoka mlango hadi mlango mwingine ni hatua mbili na mtaro katikati.

Sisemi sheria ni mbaya. Ndege ya abiria ikigongana na kichezeo changu, hiyo si ya kujibu kwa posti. Nasema tu kwamba mahali panapohitaji hilo jicho zaidi ndipo haliwezi kupaa.

Kuna mzee mmoja wa nyumba kumi aliiona mezani kwangu akaniambia, "Kijana, hiyo kitu ikipita hapa juu, watu hawatatoka kuangalia. Watatoka kufunga vitu." Aliongea kama mzaha lakini hakucheka. Tulibomolewa Oktoba na Novemba 2021 kwa ajili ya barabara ya Catherine Ndereba, familia nyingi sana, wengine walilala kwa mahema juu ya kifusi chao miezi. Mtu aliyepitia hiyo akisikia kitu kinanguruma juu ya paa haulizi ni cha nani. Ananyanyua sufuria.

Basi nikakaa chini nikajiuliza droni ni nini hasa kwa hii shida yangu. Ni kamera, kompyuta ndogo, kitu cha kutuma picha, na miguu minne ya kuibeba juu. Mimi miguu nisiyohitaji. Kuna ploti ya ghorofa nne karibu na daraja. Ghorofa haiishiwi betri.

Sasa ingia kwa kamera.

Droni nyingi za kujiundia hutuma picha kwa masafa ya redio ya 5.8 GHz, moja kwa moja hadi kwa miwani ya anayerusha. Nzuri, haraka, lakini anayeona ni mmoja. Ukitaka mtaa mzima uone, picha lazima iingie kwa kompyuta iende intaneti. Kuna vipokezi vidogo vinavyochukua hiyo picha ya hewani na kujifanya kamera ya USB, unachomeka kwa simu inaonekana kama kamera ya kawaida. Niliazima kimoja, kikafanya kazi, lakini kwa nini nitume picha hewani mita tatu halafu niipokee tena? Nikaacha redio nikanunua kamera mbili za USB Luthuli, zile za watu wa masomo ya mtandaoni enzi ya korona. Moja iangalie kona ya mto juu, nyingine nguzo ya daraja. Kompyuta ni Raspberry Pi 3 iliyotumika.

Uzuri wa kamera za USB ni kwamba nyingi zinafuata mtindo mmoja unaoitwa UVC. Hauhitaji sidii ya kuweka programu, unachomeka na Linux inaitambua. Ile ya kwanza ikakubali mara moja. Nikaona uso wangu umepinda kwa skrini nikapiga nduru hadi watu wa chini wakauliza ni nani amezaa.

Kamera ya pili ndiyo ilinifundisha adabu. Kwanza nilidhani imeingia kama video1, kumbe kamera moja hujisajili mara mbili, video0 ya picha na video1 ya taarifa zake, kwa hivyo ya pili ni video2. Hiyo ilinila jioni moja. Halafu nikiziwasha zote mbili pamoja, ya pili inakataa na ujumbe wa Kiingereza unaosema hakuna nafasi iliyobaki kwa kifaa. Mimi nafasi najua ni ya memori kadi. Nikafuta. Nikafuta programu, nikafuta nyimbo, nikafuta hadi klipu za harusi ya binamu yangu nilizokuwa nimeahidi kumhaririia. Ujumbe ni ule ule. Binamu mpaka leo ananisalimia kwa kidole kimoja.

Nafasi inayosemwa siyo ya kadi. Ni nafasi barabarani. USB ya kawaida, ile ya 2.0, inabeba megabiti 480 kwa sekunde kwa karatasi, na chini ya hapo kwa ukweli. Kwa Pi 3 matundu yote manne yanagawana hiyo barabara moja. Sasa piga hesabu: picha ya 640 kwa 480 ikija mbichi, kila nukta inachukua baiti mbili, mara picha 30 kwa sekunde, unapata kama megabiti 147. Hiyo ni ndogo. Ukipandisha hadi 1280 kwa 720 inakuwa kama 442, yaani kamera moja imejaza barabara peke yake kama lori la mchanga kwenye njia ya Pipeline. Ya pili itapita wapi?

Dawa ni kuiambia kamera ikubane picha yenyewe kabla ya kutuma, mtindo wa MJPEG, ambapo kila fremu ni picha ya JPEG. Kamera nyingi hata za bei ya chini zinaweza, lakini programu zingine zisipoambiwa zinachukua ile mbichi. Kwa hivyo kabla hujafanya lolote iulize kamera inajua nini. Kuna programu ya Linux inaitwa v4l2-ctl, inakuorodheshea kila ukubwa na kila mtindo. Mimi nilishusha pia fremu hadi 10 kwa sekunde. Mto hauchezi densi. Fremu 10 zinatosha kuona maji yakipanda, hata mbili zingetosha.

Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho video za YouTube za Wazungu hazikuniambia. Wao wanafundisha kupunguza kuchelewa kwa picha hadi mwisho kabisa, kwa sababu mtu anayerusha kwa kuangalia skrini akichelewa sekunde moja na droni inaenda mita 10 kwa sekunde, tayari yuko mita 10 mbele ya macho yake. Atagonga mti uliokuwa bado haujafika. Mimi picha yangu ikipitia YouTube inachelewa sekunde kumi na kitu, wakati mwingine ishirini. Kwa droni hiyo ni ajali. Kwa mto ni sawa kabisa, ilimradi isikatike. Wao wanatafuta haraka, mimi natafuta isiyokufa. Karibu kila kitu nilichokuwa nimekopi kutoka kwao nilikitoa.

Na kufa ilikufa sana. Waya kwanza. Nilitaka Pi ikae chini kwangu penye usalama, kamera ikae juu, kwa hivyo nikaunga waya za USB moja kwa nyingine hadi zikafika mita kama 10. Kamera inaonekana, inapotea, inaonekana. USB 2.0 mwisho wake ni mita 5, baada ya hapo ni bahati. Ikabidi Pi ipande juu na kamera, na kinachoshuka kiwe waya wa stima peke yake. Mkebe wa siagi wa kilo, umetobolewa chini ili ipumue, umepakwa rangi nyeupe kwa sababu juu ya paa saa nane mchana ni jiko.

Stima ya mtaani mnaijua. Pi 3 inataka volti 5 na ampea 2.5, na chaja ya barabarani iliyoandikwa 2.5 inatoa vile inajisikia. Ikipungukiwa inaonyesha alama ndogo ya radi kwa kona ya skrini. Mimi skrini sikuwa nayo huko juu, nikawa nalaumu kamera wiki nzima kumbe ni chaja. Nikanunua nzuri, na nyuma yake nikaweka pawabenki ya 20,000 mAh inayochaji ikitoa. Hesabu yake: 20,000 mAh kwa volti 3.7 ni kama wati-saa 74, ukitoa zinazopotea unabaki na 60 hivi, na mzigo wangu pamoja na modemu ni kama wati 7. Masaa nane. Usiku mmoja wa giza tunavuka. Mvua kubwa na stima kupotea hapa kwetu ni mapacha, kwa hivyo jicho linalotegemea stima ya ukutani halina maana.

Bando sasa. Ukituma megabiti 2 kwa sekunde unakula kama megabaiti 900 kwa saa, siku nzima ni zaidi ya giga 21. Mimi ni nani? Nikashuka hadi nusu megabiti, giga kama 5 kwa siku, na wakati hakuna mawingu natuma picha moja tu kila dakika. Mwenye ploti alikubali nitumie waifai yake usiku baada ya kumtengenezea kipeperushi cha vyumba. Jamani pia washeni ruhusa ya laivu kwa chaneli yenu mapema, maana mara ya kwanza YouTube inaweza kukungojesha hadi masaa 24. Mimi niliiomba siku mawingu yameshafungana. Mvua ilinyesha ikaisha bado naambiwa nisubiri.

Hayo yote ni ya waya. Sasa ile ningetamani nisiandike.

Nilipoiweka laivu mara ya kwanza niliweka linki kwa grupu la vijiji vyetu na nikaposti hapa. Watu walifurahi. Wengi walikuwa watu wa huku, lakini hata jamaa wa Qatar aliyetoka Mukuru aliandika kwamba ameona dirisha la mama yake. Nilihisi mimi ndiyo stesheni. Siku ya tatu akaja mama mmoja anayeuza mboga ng'ambo ya mtaro. Hakunisalimia, na yeye hunisalimia kila siku.

"Mwanangu, ile jicho yako inaangalia wapi?"

"Mto, mathe. Ile kona ya juu na daraja."

"Hebu nionyeshe."

Nikamfungulia kwa simu. Mto uko katikati, daraja kulia. Akaweka kidole kwa pembe ya juu kushoto, mahali mimi sikuwa nimewahi kuangalia kwa sababu mto hauko hapo. Mabati manne yaliyosimama wima, mraba mdogo, hauna paa.

Mnajua bafu zetu. Zina ukuta wa mabati, mlango wa gunia au mbao, na juu ni mbingu. Ukiwa chini hakuna anayekuona. Ukiwa ghorofa ya nne unaona yote, na kila mtu wa ghorofa anajua kutoangalia. Kamera haijui. Ilikuwa mbali, ni kweli, picha yenyewe ni ya chini, mtu anaonekana kama kivuli. Lakini kivuli kinachojimwagia maji kinajulikana ni nini. Na asubuhi ile alikuwa ameingia binti yake.

Siku tatu. Laivu, na kuhifadhiwa kwa chaneli baadaye mtu arudie akitaka.

Nilizima hapo hapo, nikafuta zote. Mkono ulikuwa unatetemeka hadi simu ikanipita. Yeye hakupiga kelele. Alisema tu, "Wewe umelelewa hapa," akarudi kwa mboga zake.

Kuna wale watakaoniambia ilikuwa bahati mbaya. Najua. Lakini mimi ndiye nilikuwa nikilalamika kwa hizi posti kwamba watu wa nje wanakuja na kamera zao kutupiga picha kama hatuna ngozi, bila kuuliza. Wao hukaa saa moja wakaenda. Mimi niliweka yangu ikakaa. Kenya tuna sheria ya kulinda data tangu 2019, na picha ya mtu ni data yake, hata mtu wa bafu ya mabati. Nilikuwa nimesoma sheria ya ndege ukurasa kwa ukurasa kwa sababu niliogopa kunyang'anywa droni. Hiyo nyingine sikuifungua, kwa sababu hakuna aliyenitisha nayo.

Nilizunguka milango ya ule upande jioni hiyo na siku iliyofuata. Wengine walikuwa hawajui, ikabidi niwaambie mwenyewe, na hiyo ni ngumu kuliko kuombwa msamaha na mtu anayejua. Mwanaume mmoja alinishika kola. Nilimwacha anishike.

Kurudi, nikaweka boksi jeusi juu ya ile pembe kwa programu. ffmpeg inaweza kuchora boksi juu ya video, ni mstari mmoja wa maandishi. Nikampelekea yule mama aone. Akauliza, "Hii nyeusi imewekwa na nani?" Nikamwambia ni mimi. "Na anayeweza kuitoa ni nani?" Nikanyamaza. Ni mimi.

Basi nikapanda juu na kipande cha plastiki ya jerikeni, nikakata, nikakifunga mbele ya lenzi kwa skrubu na gundi, kinaziba pembe yote ya kushoto. Kinaonekana kutoka chini. Mtu yeyote akiwa bafuni anaweza kuinua kichwa akaona kama kiko. Nikatoa pia video za kuhifadhiwa, sasa ni laivu tu, ikipita imepita. Na linki siiposti hapa tena, iko kwa magrupu ya vijiji vya kando ya mto. Mnaoniomba inboksi, jibu ni hapana, na msinuniane.

Kuna mtu mwingine alikuja baadaye, viatu safi, akaongea kuhusu usalama. Alitaka kamera ya pili igeuzwe iangalie ile besi ya vijana karibu na daraja, na alikuwa tayari kulipa kwa mwezi. Hakusema anatoka wapi. Nilimwambia kamera haigeuki, imefungwa kwa skrubu. Hiyo ilikuwa ukweli. Alirudi mara moja tu. Pesa aliyotaja ingelipa bando na rent yangu, msiniulize kama sikuihesabu kichwani usiku.

Tatizo lililobaki lilikuwa usiku wenyewe. Kamera ya masomo ya mtandaoni gizani ni kipofu. Mulika mwizi iliyo karibu inawaka ikitaka. Vijana wa besi ndio walileta akili, si mimi: walipaka nguzo ya daraja mistari minne minene ya rangi nyeupe, umbali wa futi moja moja, na mwenye ploti akakubali taa ya sola ya ukutani ielekezwe huko. Sasa kamera haihitaji kuona mto. Inahesabu mistari. Ukiona minne, lala. Ukiona mitatu, angalia tena.

Msimu wa mvua ndefu wa 2025, usiku mmoja, stima ilikuwa imeenda tangu saa mbili. Niliamka saa nane kasoro kwenda haja nikaangalia simu kama kawaida. Mistari mitatu. Nikakaa kitandani. Nikasema pengine ni takataka zimekwama kwa nguzo. Dakika kumi baadaye, miwili na nusu. Pawabenki ilikuwa na masaa mawili hivi yaliyobaki kwa hesabu yangu, na mvua haikuwa hata inanyesha kwetu, ilikuwa inanyesha huko juu mto unakotoka. Bila ile picha ningegeuka nikalala.

Nilipiga simu kwa mwenyekiti wa kijiji, naye akapiga firimbi. Kwa nusu saa watu wa chini walitoa watoto, magodoro, mitungi ya gesi, kila kitu kikapanda kwa ngazi za ploti. Tulikaa hapo tumebanana tukiangalia simu yangu kama mechi. Mstari mmoja na nusu. Mmoja na nusu. Mmoja na nusu.

Halafu ukaanza kurudi. Maji yalifika kwa milango ya kwanza mitano, kina cha kifundo, yakaishia hapo.

Asubuhi nilitukanwa vizuri sana. Watu walikuwa wamebeba friji ghorofa mbili bure. Mmoja alikuwa anaenda kazini Industrial Area saa kumi na moja bila kulala. "Wewe na simu yako." Nikaanza kueleza kwamba haikuwa bure, ni kwamba mto ulibadilisha nia, nikaona hakuna anayesikiza nikaenda kuchaji pawabenki.

Yule mama wa mboga alinikuta ngazini. Kibanda chake kilikuwa kimelowa chini lakini alikuwa amewahi kutoa magunia. Alisimama kidogo.

"Hiyo kamera, usiku inaweza kuona kibanda changu? Wezi wa sukuma wananimaliza."

"Kiko upande ule niliziba, mathe. Upande wa bafu."

"Si utoe kidogo tu. Pembeni."

Nikamwambia siwezi kutoa peke yangu, ile plastiki si yangu tena, itabidi aulize wenye bafu wote nane. Akaniangalia kama aliyesikia mtoto akijibu vibaya. Akashika ukingo wa ngazi, akaanza kuwahesabu kwa vidole, nani yuko nyumbani saa hii na nani ameenda kazi.